Mfunze Mipaka Kabla ya Meno ya Ukubwani

Ukitaka kujua kama mbwa wako ana adabu, usiwaulize watu wa nyumbani mwako. Wao wamemzoea, na mazoea huficha mengi. Muulize jirani anayepita getini pako saa kumi na moja alfajiri akienda kuswali, kanzu imepigwa pasi na udhu ameshatia. Muulize mama anayekaanga viazi karai kwenye kona, watoto wa madrasa wanaokatiza kiwanjani alasiri, na kijana wa mkokoteni anayekuletea mitungi ya maji. Hao ndio watakaoishi na mbwa wako bila ya kumchagua.

Huku bara ya Mombasa watu wanafuga mbwa kwa sababu moja kubwa: ulinzi. Kisauni na Likoni zimepitia misimu ya vijana wa mapanga, na mwenye duka Magongo au mwenye kuku Utange hulala vizuri zaidi akijua kuna kitakachobweka. Lakini nyumba zetu zimebanana. Ploti moja ina wapangaji wengi, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na uani wa wote. Mbwa asiyejua mpaka humletea mwenyewe maadui wengi kuliko wezi anaowafukuza. Ndiyo maana ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: mfunze mtoto wa mbwa kwa kuanzia kwa jirani, ndipo urudi nyumbani kwako. Kwanza jiulize ni kitu gani jirani hatakiweza, kisha hicho ndicho kiwe somo la mwanzo.

Kabla hajavuka geti

Kazi ya kwanza hufanywa mbwa akiwa bado kwa mama yake. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema, usingoje mambo yaharibike ndipo mkumbushane mlikubaliana nini. Kisha pita kwa majirani wa ukuta kwa ukuta, uwaeleze kwa ufupi: naleta mbwa wa ulinzi, atakaa upande huu, akikukereni niambieni mimi kwanza. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia kilio cha usiku wa kwanza. Aliyeshtukizwa huhesabu kila sauti.

Elewa pia kinachomkwaza. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mate na unyevu wa mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo haina maana kwamba mbwa anachukiwa. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Sura ya Al-Maida inawataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na Al-Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, kajilaza kizingitini na miguu ya mbele kainyoosha. Hadithi ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, wengi tuliisikia tukiwa madrasa. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, najisi haihami. Tabu huanza kwenye mate, pua mbichi na manyoya yaliyorowa. Anachokihitaji jirani yako, basi, ni umbali na ukavu. Ukilishika hilo utajua kwa nini kuruka na kulamba, ambayo kwingine ni utundu mdogo, huku kwetu ndiyo makosa makubwa.

Umri nao una neno. Usikubali kijibwa aliyetolewa kwa mama yake kabla ya wiki nane, hata kama mwenye nao anataka kupunguza midomo ya kulisha. Wiki hizo za mwisho ndugu zake wanamfundisha somo usiloweza kumfundisha vizuri wewe: akiuma kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huisha. Anayetoka mapema huja na meno yasiyo na breki. Wataalamu wawili wa Kimarekani, John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza vijibwa kwa miaka mingi kule Bar Harbor, jimbo la Maine, walieleza katika kitabu chao cha 1965 kwamba kuna kipindi kifupi ambapo mbwa huamua nini ni cha kawaida duniani na nini ni cha kuogopwa. Kipindi hicho huanza karibu wiki ya tatu na hujifunga kati ya wiki ya kumi na mbili na ya kumi na nne. Kwa hivyo ukimleta akiwa na wiki nane, una mwezi mmoja na nusu tu ambao ni dhahabu. Usiutumie kungoja akue.

Wiki ya kwanza: mahali, usingizi na haja

Fundi wa makuti huanza kuezeka chini, kwenye ukingo wa paa, akipanda kwenda juu. Akianza juu, nyumba huvuja. Mafunzo ya mbwa nayo yana safu ya chini, na safu hiyo ni mahali pa kulala, saa za kula na pa kwendea haja. Amri za kujionyesha zitakuja baadaye.

Mpe pembe moja iliyo yake: boksi au kreti ya mbao, gunia kavu ndani, kivuli, na bakuli zito la maji lisilopinduka. Siku za mwanzo atalia usiku kwa kuwakosa ndugu zake. Usimweke mwisho wa kiwanja karibu na dirisha la jirani ili wewe usisikie. Mlaze ukumbini karibu na mlango au barazani chini ya dirisha lako, asikie pumzi za watu. Akilia, hakikisha hana haja wala kiu, kisha mwache atulie. Ukimtoa kila anapopiga kelele umemfundisha kwamba kelele ndizo ufunguo.

Kwa haja, kijibwa hujifunza uso wa ardhi. Akizoea saruji, atatafuta saruji maisha yake yote, na saruji ya uani ni ya watu wote. Chagua sehemu ya mchanga au udongo, mpeleke pale pale kila mara: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Akimaliza tu, palepale, mpe kidagaa kimoja na umsifu. Usingoje mpaka mrudi mlangoni, kwani atadhani anazawadiwa kwa kurudi. Kwa kukadiria, anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hivyo kijibwa wa miezi miwili aliyefungiwa ndani asubuhi nzima hana kosa akichafua. Ukikuta amechafua, safisha kwa sabuni na siki ili harufu isimwite tena. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi mahali. Kunamfundisha kujificha asionekane akikojoa, hasa na wewe. Kinyesi kiokote kila siku ukifukie. Usikirushe kwenye kiwanja kitupu ambako watoto hucheza mpira.

Mwache alale. Mtoto wa mbwa hulala hadi saa kumi na nane au ishirini kwa siku. Huo uchokozi wa jioni, anaporuka na kuuma kila mguu unaopita, mara nyingi ni usingizi alionyimwa na watoto waliomchezea mchana kutwa. Wawekee watoto sheria: akiwa ndani ya boksi lake, haguswi.

Mlishe kwa saa maalumu, mara tatu kwa siku mpaka afike miezi sita hivi, na chakula kisicholiwa kiondolewe. Ugali na dagaa, maini ya kuchemsha, mabaki ya samaki yasiyo na miiba, vyote vinafaa. Pilau na biriani usimpe, kwa sababu vitunguu na vitunguu saumu humharibu damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kuchoma matumbo.

Miguu minne chini

Hapa kaa sana, kwa maana hapa ndipo mbwa wa mtaani kwetu anapofaulu au kufeli.

Kijibwa huruka kwa sababu uso wako uko juu naye anautaka. Akiwa na kilo mbili unacheka, unamshika, unampapasa. Akifika kilo ishirini anafanya kitu kile kile kwa bibi aliyevaa buibui anayetoka dukani, na sasa kosa ni lake. Wahenga wa pwani walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini. Mbwa hajui tofauti ya wewe uliye na bukta na ustadh aliye na kanzu. Mchezo uliouruhusu barazani kwako ndio atakaoutoa njiani.

Sheria iwe hivi: mwenye miguu minne chini hupata kila kitu, na mwenye miguu miwili hewani hapati chochote. Akikurukia, usimsukume wala usimpigie kelele, maana mikono na sauti kwake ni mchezo. Geuka, mpe mgongo, kunja mikono, nyamaza. Miguu ikigusa chini, hapo hapo inama umsalimie kwa upole na umpe kitu kidogo. Akiruka tena, mpe mgongo tena. Siku mbili tatu za mwanzo ataongeza bidii kabla ya kuacha. Watu wengi hukata tamaa hapo na kusema mbwa huyu ni mkaidi, kumbe alikuwa karibu kuelewa.

Jambo hili halifanyi kazi mpaka nyumba nzima ikubaliane. Baba akimfundisha kukaa chini na kijana akirudi shule anamrusha mabegani, mbwa atachagua la kijana. Kubalianeni pia maneno, yawe manne tu: kaa, njoo, wacha, ngoja. Mkipenda ya Kiingereza tumieni hayo, mradi mama asiseme neno moja na watoto jingine.

Akishajua kukaa kwako, muombe rafiki anayependa mbwa aje kama mgeni. Mbwa awe na kamba shingoni. Mgeni akikaribia na mbwa akakaa, mgeni anasogea. Mbwa akiinuka, mgeni anarudi nyuma. Fanya hivyo na watu tofauti: aliyevaa kanzu, aliyevaa buibui na nikabu, mwenye kofia ya helmeti ya bodaboda, mwenye bakora. Halafu endelea na hatua ya pili, ambayo ni muhimu kwetu kuliko kwingine: mfunze kwamba watu wengi hawamsalimii kabisa. Kaa naye getini jioni watu wakipita. Kila mpita njia akija, mpe kidagaa anapokutazama wewe badala ya kumkimbilia mtu. Baada ya muda atajua kwamba mtu akipita, macho yake yanarudi kwako. Huo ndio umbali ambao jirani anautaka.

Mdomo wake: meno, ndoo na champali

Kijibwa ana meno ishirini na nane ya utotoni, makali kama sindano, na kuanzia mwezi wa nne hivi yanaanza kung'oka kupisha arubaini na mawili ya ukubwani. Kazi ya kumfunza ulaini wa mdomo imalizike kabla ya hapo. Akikuuma katika mchezo, simama, nyamaza, ondoka kwa nusu dakika. Ukirudi, mpe kitu cha kutafuna: kamba ya katani iliyofungwa mafundo, kipande cha kitambaa kilicholoweshwa na kupozwa kwenye friji, kibuyu kigumu kisicho na nyufa. Mchezo wa kumvuta mdomo au kumpigapiga usoni kwa mkono, ambao wanaume wengi hupenda, ni somo la kuuma mikono.

Viatu vina habari yao. Nyumba zetu huvua viatu mlangoni, na safu ya champali kizingitini ni soko kwa kijibwa. Usimpe ndara kuukuu ya kuchezea. Hawezi kutofautisha ndara yako iliyochakaa na makubazi mapya ya mgeni wako, kwake yote ni ngozi na harufu ya mguu. Weka kibao au rafu ya viatu juu ya urefu wake mpaka meno yatulie. Akishachukua kimoja, usimkimbize, kwa sababu kukimbizwa ni raha. Mbadilishie kwa kitu kitamu, useme wacha, naye ataachia. Mbwa anayejua kwamba kuachia kunalipa ataachia hata mfupa wa kuku barabarani, na siku hiyo neno hilo litamwokoa uhai.

Kubwa zaidi ni maji. Bara ya Mombasa maji ya bomba hayaaminiki, na mengi hufika kwa mkokoteni na kulipiwa mtungi kwa mtungi. Mbwa akitia ulimi kwenye ndoo ya jirani, hapo yamemwagika maji ya pesa na imeongezeka kazi ya kuosha mara saba. Hakuna radhi ya maneno itakayotosha. Nunua maji urudishe siku ile ile. Lakini kuzuia ni rahisi. Bakuli lake lijae daima, kwani mbwa hunywa kwa jirani akikauka kwake. Asifunguliwe uani watu wakichota. Na mpitishe karibu na ndoo akiwa kambani: akinusa, sema wacha, mara akigeuka mpe chake. Rudia kwa sufuria za jikoni, kwa karai la mahamri, kwa kapu la samaki, kwa mkeka wa kuswalia ulioanikwa. Mpangilio ni mmoja, vitu ndivyo vinavyobadilika.

Geti, sauti na adhana

Mpaka ulio wazi kuliko yote ni geti. Fungua upenyo wa kidole. Akisukuma kutoka, funga. Akikaa, fungua. Akitulia geti likiwa wazi, ndipo unapotoka wewe kwanza na kumwita kwa neno. Dakika tano kwa siku zinatosha, na ukiwa mvumilivu atakuwa hatoki hata tukutuku ikiacha geti wazi. Barabara za Changamwe zina malori ya makontena mchana na usiku, na za Likoni zina tuktuk na bodaboda zinazowahi feri. Mbwa anayechomoka getini hapati nafasi ya kujifunza mara ya pili.

Kubweka ni kazi yake, usimnyang'anye. Mfunze kuimaliza. Akibweka, nenda uangalie alichokiona, umwambie wacha kwa sauti ya kawaida, na akinyamaza sekunde chache mpe kidagaa. Atakuja kujua kwamba kazi yake ni kuita na yako ni kuhukumu. Ukimpigia kelele kutoka kitandani, yeye anasikia kwamba nawe unabweka, na mtabweka wote.

Mbwa wengine hupiga mbiu wakisikia adhana, king'ora au honi ya feri, kwa sababu sauti ndefu yenye kupanda na kushuka inafanana na mwito wa mbwa. Jirani anaweza kuichukulia kuwa ni ndege mbaya au dharau. Usingoje malalamiko. Kuanzia utotoni, mwadhini anapoanza, mpe kitu cha kutafuna kinachochukua dakika kadhaa. Mdomo ulio na kazi haupigi mbiu. Alfajiri mwingize upande wa ndani, mbali na njia ya msikiti.

Kumzoesha dunia

Mwezi mmoja na nusu niliotaja hapo juu utumie kumwonyesha mambo, lakini kwa tahadhari moja. Kabla chanjo hazijakamilika, usimshushe chini kwenye jaa, sokoni Kongowea wala ufuoni wanakopita mbwa koko. Virusi vya pavo hukaa udongoni miezi mingi na huua vijibwa kwa kuharisha damu. Mbebe kikapuni. Kutoka kikapuni aone umati ukishuka feri, asikie ndege zikitua uwanja wa Moi, matatu za Mlaleo na muziki wake, cherehani, jenereta, mashine ya kusaga. Anza mbali, pale anapoweza kula bila hofu, kisha sogea kidogo kila siku. Akikataa chakula umemkaribisha mno, rudi nyuma.

Kuku, mbuzi na paka wa jirani awaone akiwa kambani, kwa mbali, azawadiwe kwa kuwapuuza. Usimcheke akiwakimbiza vifaranga. Mbwa akishaonja kuku wa kwanza, mafunzo yake huwa marefu, na bei ya kuku ni yako.

Watoto wa mtaa nao wafunzwe. Waambie wasikimbie wala wasipige mayowe mbwa akija, wasimame, mikono ubavuni, wamtazame pembeni. Na waambie kwa nini mawe hayafai: kijibwa aliyetupiwa mawe na watoto hukua akiwaogopa watoto, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Toka naye asubuhi mapema au baada ya alasiri. Miezi ya Januari hadi Machi joto letu humzidi nguvu, kwa maana hujipoza hasa kwa kuhema. Weka kiganja chako juu ya kabro au lami. Kama huwezi kukistahimili, na yeye asitembezwe hapo.

Fimbo, mnyororo na pilipili

Bado wapo wanaoamini kwamba mbwa wa ulinzi lazima apigwe, afungwe mnyororo kutwa na atiwe pilipili kwenye chakula ili awe mkali. Pilipili humuunguza tumbo, haimpi ujasiri. Mnyororo wa kutwa humnyima nafasi ya kukimbia hatari, kwa hivyo anabaki na njia moja tu, kuuma, na atakayeumwa ni yule anayekaribia: mara nyingi mtoto, au mtu anayemletea chakula. Fimbo nayo humfunza kuuma bila kutoa onyo. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma, huku hasira ikibaki pale pale. Mngurumo ni hisani, unakwambia rudi nyuma kabla ya meno. Ukiusikia, ondoa kinachomtisha, kisha tafuta sababu. Tena sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, imekataza kumpiga na kumtesa mnyama.

Ulinzi hauhitaji ukatili. Mwizi anaogopa kelele, na mbwa aliyelala vizuri, anayejua watu wa kwao na mpaka wa kiwanja chake, huwa wa kwanza kusikia mguu mgeni. Anayebweka kwa kila mtu hamwambii mwenye nyumba lolote.

Chanjo ni sehemu ya adabu

Mbwa asiyechanjwa ni mkosefu kwa mtaa mzima hata akiwa mpole. Chanjo za pavo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane, na kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka wiki ya kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo apewe kila wiki mbili mpaka miezi mitatu. Mtumie daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, umwombe cheti, ukiweke pamoja na karatasi za nyumba. Usitosheke na sindano ya agroveti iliyokaa bila barafu.

Kichaa cha mbwa si hadithi. Inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kwa Kenya makadirio hufika watu 2,000. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kukitokomeza ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa angalau 70 kwa kila mia. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sikiliza kama kuna chanjo ya bure karibu nawe.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku ile ile, iwe ya Likoni, Port Reitz au Makadara. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya mitishamba. Dalili zikishatokea, tiba haipo. Kama ni mbwa wako aliyeuma, peleka cheti chake, msindikize aliyeumwa na ulipe gharama bila kungoja baraza la mtaa.

Miezi ya ukaidi

Kati ya mwezi wa sita na mwaka mmoja na nusu mbwa hubaleghe, na vijana wa kila aina wana tabu zao. Atasahau jina lake, ataruka tena, ataondoka usiku kufuata majike. Hapo ndipo wengi husema mafunzo yalikuwa bure, na mbwa huishia kutupwa karibu na soko au kuachwa ufuoni. Mbwa koko tunaowalalamikia wana asili yao hapo. Usimtupe. Mrudishe kwenye kamba, mrudishe kwenye safu ya chini, dakika tano za geti na dakika tano za miguu minne, kama vile ana wiki tisa. Zungumza na daktari kuhusu kumhasi; dume aliyehasiwa hupunguza kutangatanga, na jike hatakuletea vijibwa wanane usiye na pa kuwapeleka.

Haya yote yanachukua mwaka na nusu, kidogo kila siku, na gharama yake ni muda kuliko pesa. Kama unafanya kazi zamu mbili bandarini na nyumbani hakuna mtu wa mchana, sema hapana kwa kijibwa hata akiwa wa bure na mwenye macho ya kuomba. Weka taa ya nje, imarisha geti, shirikiana na majirani kulipa mlinzi wa usiku. Mbwa mchukue mwaka utakapokuwa na nafasi.